Jibu kwa baba anayeuliza kama alipe ada ili binti akachote maji

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko rika moja basi mambo vipi.

Nimesoma swali lako mara mbili. Binti amemaliza la saba, amefaulu usaili wa shule ya masista huko nyanda za juu kusini, ada milioni mbili na ushee kwa mwaka. Fomu ya kujiunga inasema kila Jumamosi asubuhi wanafunzi hutoka kwenda kuhudumia jamii: wazee, zahanati, shule ya msingi ya jirani. Wewe unaona ni saa nne zinazopotea, angezitumia kupiga pepa. Wachangiaji wa juu wamegawanyika, wengine wanasema mpeleke apate malezi, wengine wanakuelekeza kwenye shule za wani (daraja la kwanza) tupu. Mimi nimepita pande zote mbili. Nilisoma kwa masista, na baadaye nikamlipia ada mtoto wa marehemu dada yangu kwenye shule ya aina ile nyingine, ambayo nayo ni ya dini, ina msalaba getini. Kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2004, Njombe, ikiwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Iringa (mkoa wenyewe ulizaliwa 2012). Fomu yetu ilidai jembe, fyekeo, ndoo mbili, mfagio wa chelewa na rimu ya karatasi. Baba yangu hakushtuka hata kidogo. Yeye ni wa kizazi cha Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu ya mwaka 1967, kwake shule bila shamba ni nusu shule. Ila hapa ndipo wengi mnachanganya. Shamba la shule, tuliloliita EK kama kila mtu, lilikuwa la matumbo yetu: maharage tuliyopalilia tuliyala wenyewe. Jumamosi ilikuwa kitu kingine. Jumamosi unamfanyia mtu asiyeweza kukulipa na asiyekupikia chakula cha usiku.

Nawe ukumbuke Njombe ya miaka ile ilikuwa inazika. Serikali ndiyo kwanza inaanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwishoni mwa 2004, na vijijini zilichelewa kufika. Ukiingia kijiji cha jirani na shule unakuta nyumba ina bibi wa miaka sabini na wajukuu wanne, katikati hapo hakuna mtu. Mpaka leo mkoa huo ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi, utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima. Masista hawakubuni huduma ili ipendeze kwenye fomu. Walikuwa wamezungukwa.

Mwanzoni tuliifanya vibaya sana. Kidato cha kwanza tulikwenda kama wanafunzi arobaini kwa bibi mmoja, na sabuni mche mmoja, chumvi, na hotuba. Dada mkuu akasoma risala. Tukaimba. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunika blanketi, akatuitikia "kamwene" kila mmoja wetu, arobaini. Tulipomaliza akamwambia Sista kwa Kibena, na mwenzetu mmoja wa kule akatutafsiria njiani tukiwa tunarudi: "Mmekuja wengi, mmesema mengi, na maji hakuna aliyechota."

Sista hakutukaripia. Jumamosi iliyofuata alitugawa watatu watatu, kila kundi nyumba moja, na nyumba hiyo ni yako mpaka umalize kidato cha nne. Hakuna risala. Unafika, unauliza kuna kazi gani, unaifanya, unarudi. Mimi na wenzangu wawili tulipewa nyumba ya yule yule bibi wa maji. Nilijua ndoo yake ipi inavuja, mjukuu yupi anakojoa kitandani, na mwezi gani viazi vinaisha ghalani. Kuna Jumamosi alitufukuza kwa sababu alikuwa amekunywa ulanzi na hakutaka tumwone hivyo. Tulikaa chini ya miti ya miwati tukasubiri hasira zipoe, tukachota maji, tukaondoka.

Sasa kwenye masomo, maana najua ndilo linalokuuma.

Kidato cha tatu niliongezewa zamu ya kufundisha hisabati darasa la saba kwenye shule ya msingi ya kijiji. Nilikwenda kifua mbele. Darasani kwetu nilikuwa wa pili kwa hesabu. Mada ikawa kugawanya sehemu kwa sehemu, nikaandika ubaoni, nikasema tunapindua ya pili halafu tunazidisha. Mtoto mmoja wa kiume, kaptula imetoboka, akanyoosha mkono: "Dada, kwa nini tunaipindua?"

Nikasema ndiyo kanuni. Akaandika, lakini nilimwona hajaridhika, na ukweli hata mimi sikuridhika, kwa sababu sikuwa najua. Miaka karibu tisa ya shule nilikuwa napindua tu.

Jumatatu nikamfuata mwalimu wetu wa hisabati ofisini. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniuliza: una madebe matatu ya viazi, unayapima kwa kopo la nusu debe, utapima mara ngapi? Mara sita. Basi tatu gawanya kwa nusu maana yake ni kuuliza nusu ngapi zimo ndani ya tatu. Kwenye debe moja zimo mbili, kwa hiyo ni tatu mara mbili, ndiyo kupindua kwenyewe. Nikarudi kwa yule mtoto na viazi vya kweli. Akaelewa, kisha akaniuliza vipi kama kopo ni la theluthi mbili, nikakwama tena wiki nzima.

Leo mimi ni mhasibu, na nikitafuta mahali nilipojifunza hesabu, ni pale. Prepo, yaani kujisomea usiku, ilinifundisha kukumbuka. Kusimama mbele ya mtoto wa darasa la saba, kwa Kiswahili, bila lile zulia la Kiingereza tunaloficha chini yake tusichokijua, ndiko kulinilazimisha kuelewa. Na sikuwa peke yangu. Wenzangu waliopangiwa zahanati walirudi wakimuuliza mwalimu wa baiolojia maswali ambayo hayakuwa kwenye daftari, mpaka akaomba nafasi ya kujiandaa.

Nisikupake mafuta lakini. Mwalimu wa taaluma alikuwa anapigana na Sista kila mwaka kuhusu Jumamosi za kidato cha nne, akitaka zifutwe mtihani wa moko ukikaribia, na mwaka mmoja alishinda. Fimbo zilikuwepo. Kuna matroni aliyekuwa anatumia huduma kama adhabu, ukichelewa mstarini unaambiwa Jumamosi utaosha vyoo vya zahanati, na ukishamfanya mtoto aone mgonjwa ni adhabu, umeharibu kazi ya mwaka mzima. Chakula kilikuwa cha kuhurumiwa. Shule yetu haikuwahi kutajwa kwenye kumi bora hata siku moja.

Na sababu mojawapo ya kutotajwa, niliijua baadaye, ni binti mmoja wa darasa letu. Hesabu zilikuwa zinamkataa kabisa. Kidato cha tatu wastani wake ulikuwa wa kusikitisha. Mwalimu wa taaluma alipendekeza atafutiwe shule nyingine, na Sista akajibu, mbele ya baadhi yetu tuliokuwa tunafagia ofisi: "Tunakwenda kwa bibi kila Jumamosi, huyu tumpeleke wapi?" Akapangiwa wawili wa kumsaidia usiku, nikiwemo. Tulisota naye. Alipata daraja la nne. Mimi nilipata wani. Matokeo ya shule yakaonekana na doa lake, na doa hilo leo ni muuguzi, alianzia cheti akapanda taratibu.

Hapo ndipo nataka uangalie, mleta mada, kwa sababu ya kilichonipata upande wa pili.

Mtoto wa dada yangu nilimpeleka shule nyingine, karibu na pwani, majengo ya vigae, basi lenye kiyoyozi, na bango kubwa barabarani la wanafunzi waliopata wani ya pointi saba, ya juu kabisa. Nao walikuwa na huduma kwa jamii, tena kwa kishindo. Wazazi tulitozwa elfu hamsini kwa fulana zenye nembo. Walikwenda kituo cha watoto yatima mara moja kwa mwaka, saa mbili, mpiga picha akiwa mbele. Nilimuuliza kijana, ulicheza na nani? Hakukumbuka jina la mtoto hata mmoja. Picha lakini ilitoka kwenye kalenda ya shule, yeye amebeba ndoo ya unga, anacheka.

Mwisho wa kidato cha tatu nikaitwa. Wastani wa kuvuka ulikuwa 60, yeye alipata 58. Nikapewa barua yenye lugha tamu, kwamba wananishauri nimtafutie mtoto mazingira yanayomfaa zaidi. Ilikuwa Desemba. Ile kalenda yenye picha yake ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kiti cha aliyenipa barua. Mtoto aliyefiwa na mama, anabebeshwa ndoo apigwe picha akihudumia yatima, halafu kwa alama mbili anaonyeshwa geti. Nililia kwenye gari kama mtoto. Tulimhamishia shule ya kata, akatembea kilomita nne kwenda na kurudi, akapata daraja la pili. Shule ile mwaka huo ilibandika bango jipya: hakuna daraja la tatu, la nne wala sifuri. Ni kweli, hawakuwa nao. Walikwisha kuwatoa.

Wizara imekemea mchujo wa namna hii zaidi ya mara moja, na Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na kweli orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la biashara la bure. Mabango barabarani hayakupungua.

Kwa kuwa ni mhasibu, nakupa njia ya kihasibu. Matokeo ya kidato cha pili na ya kidato cha nne yapo kwenye tovuti ya Baraza, shule kwa shule. Waliofanya cha pili 2021 ndio waliofanya cha nne 2023. Chukua shule yoyote unayoifikiria, hesabu vichwa. Wakiwa 90 halafu 87, sawa, watu wanahama, wanaugua, mzazi anakosa ada. Wakiwa 90 halafu 61, uliza wale 29 wako wapi kabla hujauliza wani ni ngapi. Anayefeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili hukariri kwa utaratibu, najua, lakini shule inayochagua kwa usaili haina wengi wa hivyo. Angalia miaka mitatu mfululizo, maana shule nyingine huziba pengo kwa kupokea wanaohamia, na mwaka mmoja unaweza kukudanganya.

Siku ukienda kulipa, usimuulize mkuu wa shule kuhusu huduma kwa jamii, atakusomea fomu. Muulize mwanafunzi. Mwambie: Jumamosi mnakwenda kwa nani? Akikutajia jina la mzee, na kwamba ana mbuzi mkorofi, umefika. Akisema "huwa tunakwenda kwa wenye mahitaji maalumu," rudi garini ufikirie. Pita pia kijijini, nunua maparachichi, uliza wenyeji wanawaonaje wale mabinti. Watu wa kule hawana unafiki.

Kuna mchangiaji ameuliza itakuwaje kama binti ni Muislamu. Darasani kwetu walikuwepo wanne. Kwenye huduma hawakuwa na shida yoyote, mmoja wao ndiye alikuwa kundi langu kwa bibi. Shida ilikuwa misa ya lazima, na hilo masista wetu walilishughulikia vibaya mwanzoni, baadaye wakawaruhusu wabaki kujisomea. Uliza mapema, na ikiwezekana upate jibu kwa maandishi.

Kuhusu saa nne za Jumamosi: Jumamosi yetu ilikuwa kuanzia saa mbili mpaka saa sita, na prepo ilibaki pale pale usiku na Jumapili jioni. Hakuna pepa niliyofeli kwa sababu ya ndoo ya maji. Nilifeli fizikia ya muhula wa pili kwa sababu ya kusoma riwaya chini ya dawati.

Ukiamua kumpeleka, ile orodha ya fomu usiiamini kwenye mavazi. Wanaandika sweta moja. Mnunulie mbili nzito, soksi za sufu na buti za mvua, na umnunulie Njombe mjini sokoni, sio Kariakoo, maana wa Kariakoo hawajui baridi ya mwezi wa sita ikoje saa kumi na moja alfajiri ukiwa umeshika bomba la maji.