Karani wa Darajani Sasa Ni Wewe: Ushauri kwa Wanaolipa Ushuru wa Madaraja

Ami yangu alikuwa na pikapu ya Peugeot 404 ambayo kisahani chake cha majivu hakikupata kuona jivu hata siku moja, kwa kuwa ndimo alimoweka sarafu za kulipia Daraja la Nyali, Mombasa. Nazungumzia lile daraja la zamani lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, ambalo maji yakipwa lilishuka nayo na yakijaa likapanda nayo, hata magari yenye mizigo mizito yakapata taabu kuingia na kutoka kwenye miisho yake. Kabla hatujafika, ami alinipa mimi, mtoto wa kiti cha kando, kazi ya kuzihesabu zile sarafu kiganjani. Karani alizipokea, akazitazama, akachana tikiti kwenye kitabu chake, nasi tukapita. Zikipungua alisema palepale, na zikizidi alirudisha palepale. Kila aliyefika ng'ambo ya pili alikuwa amekwisha kulipa, hana deni na mtu.

Siku hizi nina kenta inayochukua nazi kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea, na mara kwa mara hutumwa Nairobi au huvuka mpaka wa Lunga Lunga kuelekea Dar es Salaam. Nimelipa ushuru kwa sarafu, kwa noti, kwa kadi na kwa simu, na mara moja, kama nitakavyoeleza, sikulipa kabisa kwa sababu sikujua kwamba nimekwisha kudaiwa. Katika miaka hiyo yote nimemwona karani akiondoka kibandani kidogo kidogo, na kazi zake akiniachia mimi: kuhesabu, kukagua gari limewekwa katika kundi gani, kutunza risiti, na kusahihisha makosa. Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja.

Ushuru wa daraja si jambo geni duniani. Daraja la Waterloo jijini London, lililofunguliwa mwaka 1817, lilimtoza peni moja hata mtembea kwa miguu, mpaka ushuru huo ulipofutwa mwaka 1878. Lile la Brooklyn, New York, lilianza mwaka 1883 kwa senti moja kwa kila apitaye kwa miguu, na magari yakaachiwa kupita bure mwaka 1911. Orodha ya bei ya Daraja la Bandari ya Sydney, lililofunguliwa mwaka 1932, hunichekesha kila niikumbukapo: gari peni sita, mtu na farasi wake peni tatu, nao ng'ombe na kondoo wakilipiwa kichwa kwa kichwa. Mfikirie karani anayehesabu kondoo wanaosukumana, na nyuma yao foleni ya magari inapiga honi.

Foleni hiyo, pamoja na fedha taslimu kupita katika mikono mingi kabla ya kufika benki, ndiyo iliyowafanya wenye madaraja watafute njia nyingine. Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi. Daraja la Golden Gate kule San Francisco, Marekani, lililoanza mwaka 1937 kwa senti 50 kwa kila safari, liliacha kutoza pande zote mbili mwezi Oktoba 1968 na kubaki na upande mmoja tu, kwa hoja kwamba aendaye hurudi. Sydney nako wakafanya vivyo hivyo mwaka 1970. Baadaye kikaja kifaa kidogo cha redio kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, ambacho mashine iliyo juu ya barabara hukisoma na kukata fedha katika akaunti ya mwenye gari bila gari kusimama. Kisha ikaja kamera inayosoma namba za gari, na hiyo ndiyo iliyomtoa karani kabisa: Sydney waliacha kupokea fedha mkononi Januari 2009, na Golden Gate wakafuata tarehe 27 Machi 2013.

Huku kwetu Kenya mambo yalikwenda kwa kona. Miaka ya 1980 tulikuwa na vituo vya kulipia barabara kuu. Kisha sheria ya mwaka 1993 ikaweka ada ya matengenezo ya barabara ndani ya bei ya mafuta, na vile vituo vikafungwa. Mpaka leo kuna steji kwenye barabara ya Thika inayoitwa Toll, na makanga huitaja kila siku bila ya abiria wengi kujua jina limetoka wapi. Kizazi kizima cha madereva kikawa kinalipia barabara kwenye kituo cha mafuta bila kuona mkono wa mpokeaji, ndipo barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa mwaka 2022 na kuturudisha kwenye vizuizi, safari hii vikiwa na vifaa vya kubandika na kadi za kujaza salio.

Sisi wa Mombasa tulikuwa hatujasahau kulipa, maana kivuko cha Likoni kilitufundisha kila siku: mwenda kwa miguu bure, gari hulipa. Kivuko si daraja, nakubali, ila hesabu yake ni ileile. Nilipoanza kulipa kwa simu nilifurahi kwamba sitatafuta chenji tena, na ndani ya miezi miwili nikagundua kwamba sijui nimelipa kiasi gani, kwa sababu malipo ya kivuko yalichanganyika na ya mkate, ya karo na ya kumtumia mama mkwe. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: fedha za njia ziwe na laini yake ya simu, isiyotumika kwa jambo jingine, na ujumbe wa malipo usifutwe mpaka mwezi uishe na hesabu ifungwe. Laini hiyo hukaa na gari. Haikai na dereva.

Jambo la salio nililijifunza kwa aibu. Dereva wangu, kijana wa Ukunda, alinipigia asubuhi moja akiwa amekwama kwenye lango la kulipia huko bara, nami nikizisikia honi za walio nyuma yake.

"Mzee, mashine inasema salio halitoshi."

"Si nilitia jana usiku?"

"Ulitia kwenye ile kadi nyingine, mzee. Hii ya kenta haina kitu."

Nilikuwa na kadi mbili, ya kenta na ya gari langu dogo, zenye nambari zinazotofautiana kwa tarakimu mbili za mwisho. Karani wa ami yangu angeliona kosa hilo kwa jicho. Mashine iliona sifuri na kufunga njia. Kijana alilipa kwa fedha zake za chakula. Tangu siku hiyo nimeandika namba ya gari kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kila kadi, na dereva hupewa noti za akiba ndani ya bahasha ambayo haifunguliwi ila langoni. Na kabla ya kutia salio, ninamwambia anisomee namba ya kadi kwa sauti, hata akiona kwamba mzee anamsumbua.

Kosa la pili hutokea mara nyingi zaidi na halina kelele. Lugha yetu ina neno moja kwa kinachovuka mto na kwa cheo, na kwenye kibanda cha ushuru maana zote mbili hukutana: daraja la gari lako ndilo linaloamua bei yake darajani. Mahali pengine huangalia uzito, pengine idadi ya ekseli, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, pengine urefu wa gari au idadi ya viti. Kenta yangu ina tairi mbili mbili nyuma, na kuna mahali ilihesabiwa kuwa lori kubwa kwa safari nne mfululizo kabla sijatambua. Nilirudishiwa tofauti ya safari mbili tu, zile nilizokuwa na risiti zake. Kwa hiyo, siku ya kwanza unapopita njia mpya, soma ubao wa bei wote, tafuta mstari unaolihusu gari lako, kisha ulinganishe na kilichoandikwa kwenye risiti kabla hujaondoka eneo hilo. Usiseme utalishughulikia ukifika nyumbani.

Sasa nieleze ile safari niliyodaiwa bila kujua. Nilimtembelea mtoto wa kaka yangu Uingereza, akaniazima gari lake niende Kent kumwona rafiki. Njiani nilivuka mto Thames kwa daraja la Malkia Elizabeth II pale Dartford, na jioni nikarudi kwa njia ya chini ya maji. Tangu tarehe 30 Novemba 2014 hakuna anayesimamishwa pale. Kamera husoma namba, na mvukaji wa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku hutakiwa alipe mwenyewe kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata. Vibao nilivipita, lakini macho yangu yalikuwa yakitafuta kibanda. Siku kadhaa baadaye kijana akaja na barua mkononi.

"Ami, siku ile ulivuka mto?"

"Nilivuka."

"Ukalipa?"

"Nimlipe nani? Hapakuwa na mtu."

Alicheka mpaka akaketi, ingawa faini ilikuwa kwa jina lake. Kosa lilikuwa langu, na nililipa. Nililolishika ni kwamba deni la kamera halimfuati dereva. Humfuata yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Ukiazima gari au kulikodi, muulize mwenye gari kabla ya kuondoka ni njia zipi za kulipia zilizopo na nani atalipa. Ukiuza gari, usikabidhi ufunguo kwa ahadi kwamba umiliki utahamishwa wiki ijayo. Hapa kwetu magari mengi hutembea mjini kwa jina la mtu aliyeyauza zamani, na hilo lilikuwa kero ndogo enzi za karani. Penye kamera, muuzaji ndiye atakayepokea hesabu ya safari asizozifanya. Hamisha umiliki kwanza, ondoa kifaa kwenye kioo, funga akaunti au ubadilishe namba ya gari ndani yake, kisha ndipo mpeane mikono.

Kwa anayevuka mara nyingi, kuna hesabu nyingine. Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni jijini Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na ushuru wake unarudisha fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii uliogharimia sehemu kubwa ya ujenzi. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa, na pakawekwa malipo ya wiki na ya mwezi kwa wanaopita kila siku. Shemeji yangu anayeishi Kigamboni aliyashangilia malipo ya mwezi, akayanunua, kisha akaugua na gari likalala uani nusu ya mwezi ule. Hesabu safari zako za miezi mitatu iliyopita, chukua mwezi uliokuwa na safari chache, na ununue kifurushi iwapo tu hata mwezi huo kingekufaa.

Pia usisahau kulinganisha njia. Barabara ya Dongo Kundu, yenye Daraja la Mteza lililozidi kilomita moja, sasa humwezesha mtu wa Kwale kufika upande wa Miritini bila kugusa kivuko, na hakuna lango la kulipia. Kwa mzigo wa Kongowea mzunguko wake ni mrefu, na mafuta yanayoongezeka huizidi ada ya feri. Kwa mzigo wa Mariakani au Nairobi, kupita Likoni ni kupoteza muda na fedha. Wenzangu wengi huamua kwa mazoea, wala hawajapata kuziandika namba hizo mbili kwenye karatasi moja.

Watu huniuliza kama ushuru huisha deni la ujenzi likilipwa. Wakati mwingine huisha: Daraja la Skye kule Uskoti liliachwa bure Desemba 2004, na yale ya mto Severn Desemba 2018. Golden Gate, kwa upande wake, walimaliza kulipa dhamana za ujenzi, yaani hati za mkopo uliolijenga, mwaka 1971 na ushuru ukaendelea, ukitunza daraja na kusaidia mabasi na feri zao. Mimi sioni ubaya wa kulipia matengenezo, maana chuma kando ya bahari huliwa na chumvi mchana na usiku. Ninachotaka ni kuambiwa mapema.

Ndiyo maana, likitajwa daraja linalopangwa kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni, nawasihi wenzangu wa magari wahudhurie mikutano ya kutoa maoni, ambayo ni haki yetu kikatiba, wakiwa na maswali yaliyoandikwa. Ikiwa daraja hilo litatozwa, ni kwa miaka mingapi, na ni nani atakayetangaza kwamba deni limekwisha? Mama muuza samaki asiye na simu ya kisasa atavukaje na mkokoteni wake? Na kamera ikiisoma vibaya namba ya gari langu siku ya Ijumaa jioni, nitaenda ofisi ipi, iliyo mtaa gani, nikamkute mtu aliyeketi nyuma ya meza?