Mwezi mzima mji mmoja Italia, si ntachoka?

SWALI: Asalaam alaykum dada. Mie nafanya kazi hoteli huku Kiwengwa Unguja, Kitaliano nimekiokota kwa wageni tu. Sasa kuna familia imenialika nikakae kwao Lucca mwezi mzima. Wenzangu wananicheka, eti kamji kale utakamaliza siku mbili, bora nizunguke Roma, Venezia, Milano nipige picha. Na chakula je, maana mie Muislamu? – Kijana wa Kiwengwa

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kaa Lucca. Hao wageni wako si wanaletwa Mji Mkongwe saa tatu, wanapiga picha milango, saa saba washarudi ufukweni, wameona nini? Basi na wee usende kwao ukafanya yaleyale.

Mie nilikaa pale wiki tano. Siku za mwanzo nilichoka, sikufichi, natoka saa nane mchana nakuta maduka yamefungwa nikadhani kuna msiba, kumbe watu wamekwenda kula na kupumzika, mengi yanafungua tena kwenye saa kumi. Nikafata saa zao. Asubuhi naingia baa (usishtuke, baa yao ndo pahala pa kahawa), kwanza buongiorno, maana ukiagiza bila salamu ni kama umeingia nyumba ya mtu bila hodi. Kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani mara nyingi bei inapanda. Siku ya tano yule mama akanitilia kahawa kabla sijafungua mdomo, wallahi nilifurahi kuliko siku nilopanda mnara wa Pisa.

Jioni panda ukutani. Mji wote umezungukwa na ukuta wa zamani, kilomita 4 na kidogo, juu njia pana yenye miti, watu kwa miguu na baiskeli, na wazee kwenye mabenchi wanasema watu utafikiri baraza za Malindi pale Mji Mkongwe. Kaa nao, Kitaliano cha kuokota hotelini hapo hakifiki mbali.

Chakula usiogope ila uliza. Nguruwe ni maiale, na anajificha hata kwenye sosi ya nyama ya pasta. Tafuta cecina, chapati nene ya unga wa dengu, ule ule wa bajia zetu, inaokwa kwa mafuta ya zaituni, nje inakauka ndani laini, unainyunyizia pilipili manga unakula njiani inakuunguza vidole.

Viza ya Schengen (ndo ya kuingilia Italia) anza mapema, barua ya mwaliko na bima ya matibabu ya safari, yenye kulipia hadi yuro 30,000 au zaidi ukiumwa. Wenyeji wako watakuandikisha polisi ndani ya saa 48, kama sie tunavopeleka mgeni kwa sheha. Treni ya Pisa ni kama nusu saa tu, lakini tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine kabla hujapanda, mie nilisahau nikapigwa faini mbele za watu.

Wabebee karafuu na mdalasini. Na mie niletee buccellato, ule mkate wao wa zabibu.