Riwaya sio uongo bana
Kaka unasema riwaya huzigusi kwa sababu ni za kutunga, we unasoma vitabu vya ukweli tu. Sawa, ila huo ukweli nani kauhakiki? Mi nimepiga kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wageni, mlimani hapa Moshi, siku moja mgeni kaniachia kitabu cha mtu anasimulia alivyopanda Kili, eti alipita njia ya Marangu na kila usiku analala kwenye hema, wakati Marangu wageni wanalala kwenye vibanda, Mandara, Horombo mpaka Kibo, nikacheka sana, huyu katupiga. Halafu kuna James Frey wa Marekani, kitabu chake kilitoka 2003 kama maisha yake halisi, 2006 akakiri kuna vipande alitunga. Angekiita riwaya nani angemlaumu?

Sasa chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi yenyewe inaelea hewani, haipo popote, lakini dhuluma ya watawala mle ndani unaitambua kabisa, na kaiandika enzi za mkoloni. Ninayo, nakala imechakaa kidogo, ukishuka mjini nistue nikuazime.