Dola zipi ziingie kwenye mchezo wa Bahari ya Hindi?

Ndugu yangu, unasema mchezo wako wa mkakati unaanza 1300 na kuishia 1505, una nafasi za dola sita, na unavutwa na zenye majeshi makubwa. Mimi ningeuliza kwanza: nani alimhitaji nani?

Tazama Kilwa. Nguvu yake haikuwa askari, ilikuwa Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, mlango wa dhahabu ya bara. Kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, makao ya dola ya bara iliyouza dhahabu hiyo, iliokotwa sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Kisarafu cha pwani, ndani kabisa ya bara! Basi Kilwa na Zimbabwe Kuu waingie pamoja. Ukiweka mmoja tu, mwenzake anakosa maana. Ongeza Gujarat kwa nguo na shanga, na Hormuz, bandari ya biashara mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi.

Nafasi mbili zilizobaki wape Mombasa na Malindi. Nakusihi, usiwarundike Waswahili wote kwenye bendera moja. Vasco da Gama alipofika 1498, Mombasa ilimshuku, Malindi ikampokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India. Uhasama huo ni mchezo tosha.

China ya nasaba ya Ming iwe msafara unaopita tu. Wareno wasichezwe: watokee mwishoni, kama walivyoivamia Kilwa 1505.

Na zamu zifuate pepo: kaskazi ilete majahazi, kusi iyarudishe. Atakayechelewa bandarini angoje msimu mzima.