Je, protini ya bakteria "hupigwa eksirei"?

SWALI: Ninafasiri makala ya sayansi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Nimeandika: "Wanasayansi waliipiga eksirei protini ya bakteria wakaona umbo lake." Mwenzangu ameikataa sentensi hiyo ila hawezi kunionyesha kosa. Je, nimekosea?

JIBU: Kisarufi hujakosea. Tatizo ni la maana, nalo liko katika maneno matatu: kupiga, kuona na umbo.

Mtu akisema amepigwa eksirei, tunaelewa kuwa miale imepenya mwilini na kivuli cha mifupa kimebaki kwenye filamu. Hiyo ni picha. Kwa protini sivyo. Protini husafishwa, kisha huachwa taratibu mpaka molekuli zake zijipange safu kwa safu na kuwa fuwele. Miale ikiingia katika fuwele hutawanywa na elektroni za atomi, na kwenye kipokezi hujitokeza madoa mengi mno, yasiyofanana na protini hata chembe. Hakuna lenzi ya kuyageuza yawe taswira. Ukali wa kila doa hupimwa, hesabu ndefu hufuata, na mwishowe hupatikana ramani ya elektroni ambamo mtafiti huzipanga atomi mahali pake. Huko si kuona, ni kubaini. Nalipenda sana neno hili, kwa kuwa limebeba ile kazi ya kulifikia jambo lililofichika kwa uchunguzi.

Sasa umbo. Umbo ni sura ya kitu kwa nje: duara, pia, mche. Muundo umetoka katika kuunda, yaani jinsi sehemu zilivyounganishwa. Mwaka 1998 mwanasayansi Mmarekani Roderick MacKinnon na wenzake walibaini muundo wa protini ya bakteria Streptomyces lividans, ile inayopitisha potasiamu kwenye utando wa seli. Kwa umbo, ungesema inafanana na faneli, basi. Muundo ndio ulioonyesha vipande vinne vilivyozunguka tundu jembamba, na atomi za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi inayoitosha ioni ya potasiamu, yaani atomi yake yenye chaji ya umeme, barabara. Ioni ya sodiamu, ingawa ni ndogo zaidi, haishikwi vizuri na oksijeni hizo, kwa hiyo haipiti kwa urahisi. Neno umbo lisingeweza kubeba habari hiyo.

Mimi ningeandika: "Wanasayansi walibaini muundo wa protini ya bakteria kwa kupitisha miale ya eksirei katika fuwele zake."

Upatanisho nao uangalie: bakteria hawa, kwa kuwa ni viumbe hai, lakini protini hii, fuwele hii, fuwele hizi. Na tafadhali usiandike "kristali". Kristalografia, jina la taaluma ya kuchunguza fuwele, naikubali kwa kuwa sina mbadala uliozoeleka. Ila fuwele tunayo tayari, na mwanafunzi ameshakutana nayo aliposoma habari za chumvi.