Gari la marehemu mzazi: nani anasaini TRA?

Kaka, umeuliza kama mtoto wa kwanza mwenye kadi ya gari anaweza kusaini kuhamisha gari la marehemu mzee. Hapana, kuwa mtoto wa kwanza na kushika kadi ya gari hakutoshi. Kama gari bado liko kwa jina la mzee, anayesaini kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi.

Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari wa kumpendekeza mtu, kisha fungueni shauri la mirathi mkiwa na cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo). Mirathi ya kimila au ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo litabandikwa kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu msimamizi anapewa Fomu Na. 4, yaani hati ya mahakama ya kumteua. Hiyo ndiyo anakwenda nayo TRA pamoja na kadi halisi na TIN (namba ya mlipakodi) ya atakayepokea gari. Sisi tulipitia njia hiyo hiyo kwa gari la baba mdogo, na kilichotuchelewesha ni kikao, maana mashangazi hawakuelewana.

Na kama kuna dalali anayesema mtumie hati ya uwakilishi aliyoiacha mzee, yaani ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yake, mwacheni. Nguvu ya hati hiyo iliisha siku mzee aliyofariki. Na fomu ya mauzo iliyosainiwa "na marehemu" baada ya msiba ni kughushi, hata kama ndugu wote wameridhia.

Ila kama aliacha wosia wa maandishi uliomtaja msimamizi, au mirathi si ya kimila wala ya Kiislamu, muulizeni wakili kwanza mahakama ya kwenda.