"Borrow" au "lend"? Ipitishe kwanza kwenye mkopo

Mtoto akitoka la saba, alikosomeshwa kwa Kiswahili, na kuingia kidato cha kwanza hapa Dodoma, haichukui muda utamsikia akisema "Borrow me your pen." Kichwa chake kizima kabisa. Ametafsiri "niazime kalamu" neno kwa neno, kwa sababu kwenye daftari lake imeandikwa: borrow, azima.

Tatizo ni kwamba azima yetu inakwenda pande zote mbili. "Nimeazima jembe kwa jirani": nimechukua. "Jirani, niazime jembe": nipe. Kiingereza kimezigawa. Anayechukua ndiye mwenye "borrow", anayetoa ndiye mwenye "lend".

Dawa tunayo wenyewe. Ondoa azima, weka kopa au kopesha, hata kama kinachoazimwa si pesa. Ikikaa kopa, andika "borrow". Ikikaa kopesha, andika "lend". "Niazime kalamu" inageuka "nikopeshe kalamu", basi ni "Lend me your pen." "Naomba niazime kalamu yako" inageuka "naomba nikope", basi ni "Can I borrow your pen?" Jaribu hata kwa sauti, sikio litakataa lile lisilofaa.

Halafu kuna "kwa", ambayo nayo haionyeshi mwelekeo. Hapa ndipo hata waliovuka kosa la kwanza hukwama. "Borrow" hufuatwa na "from", "lend" hufuatwa na "to", au jina la mpokeaji moja kwa moja. Chukua tukio moja la msimu wa kulima, mvua za Desemba zimeanza, uliandike mara mbili:

We borrowed a hoe from our neighbour.
Our neighbour lent us a hoe.

Jembe ni lilelile, limetembea njia ileile. Kilichobadilika ni nani ametajwa kwanza. Zoezi hili lina faida kuliko kukariri maana, kwa hiyo andika jozi tano za namna hii kwa vitu vya nyumbani: sufuria, ngazi, baiskeli, rula, pesa. Zirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukiwa umefunika upande wa Kiingereza.

Wakati uliopita, "borrow" ni "borrowed", lakini "lend" ni "lent". "Lended" haipo.

Na si kila kinachoombwa huazimwa. Kitu kisichohama mahali pake, kama choo cha mwenyeji wako, ni "use": "Can I use your toilet?" Ukitumia "borrow" hapo, msikilizaji ataona kama unataka kukibeba. Ukilipia, ni kukodi: chumba cha kupanga Area C ni "rent", turubai na viti vya harusi ni "hire".